Barafu ya Chumvi

Dada wa dirisha la bima alinirudishia fomu yangu kwa ncha ya kidole. "Mwalimu, hiki hakimo kwenye kitita cha huduma."

"Kipi hakimo?"

"Ugumba," akasema, kwa sauti ya mnadani. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na wawili katika foleni ile walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu.

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile sikuzificha. Nilimuuliza. Nimekatwa bima kwenye mshahara tangu mwezi wa kwanza wa ajira, miaka kumi na mitatu sasa. Nikipata mimba, mtanilipia kliniki? Tutakulipia. Nikizaa kwa upasuaji? Tutalipia. Mtoto akiugua? Tutalipia, mwalimu, unamwandika tu hapa kwenye nafasi ya wategemezi. Na kumpata huyo mtoto wa kuandikwa hapo? Akatabasamu, wala si kwa ubaya, akasema hilo bado. Nikachukua fomu yangu nikatoka bila kuaga. Walichonilipia siku ile ni vidonge vya kichwa, na kichwa chenyewe walikiumiza wao.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Mirija yangu ya uzazi yote miwili ilikuwa imeziba, na daktari wa Dar alishatueleza kwamba njia iliyobaki ni kupandikiza mimba. Ningechomwa sindano za kukuza mayai, mayai yatolewe, yakutanishwe na mbegu za mume wangu nje ya mwili, kisha kitakachopatikana kirudishwe tumboni. Alisema kwa umri wangu nisikawie. Alipotaja gharama, mume wangu alivua kofia yake, akaitazama kwa ndani, akaivaa tena. Tulikuwa na uwezo wa kujaribu mara moja. Hilo tulilijua wote wawili kabla hatujainuka kwenye viti.

Tunaishi Kivinje. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kabla ya hapo anakuwa bibi harusi. Mimi nilikuwa bibi harusi mwaka wa saba. Mama mkwe aliniita hivyo kwa upendo kabisa, "bibi harusi, njoo tule," na kila akiniita nilikuwa natamani nimtupie sahani. Sikumtupia. Shuleni angalau nilikuwa mwalimu, na mume wangu naye akachukua la shuleni, akawa ananiita mwalimu hata chumbani.

Yeye ni mfanyabiashara wa samaki. Hununua kwa wavuvi pale ufukweni, samaki, pweza na kamba, akawapeleka Dar. Alikuwa na friza mbili. Moja aliiuza kwa ajili ya matibabu. Alikuja na mnunuzi, wakaibeba wakapita nayo mlangoni, na ilipobaki alama yake sakafuni akachukua ufagio akaanza kufagia pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimpenda mno siku ile.

Sehemu nyingine ilitoka kwa mama yangu. Mama analima Miteja, peke yake tangu baba afariki, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Mwaka ule ufuta ulikubali. Nilipofika kwake ulikuwa umeshauzwa mnadani na malipo yameingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Usianze na maneno yako ya kukataa, nakujua." Akaniwekea mkononi bahasha ya chama cha msingi, haijapunguzwa hata noti ya sukari. "Ufuta nimevuna miaka yote nikaula. Mwaka huu nataka nivune mtu."

Nikacheka, naye akacheka, kisha tukalia kidogo, kila mmoja akijifanya anafuta jasho.

Tulikwenda Dar, tukalipa, tukapimwa. Daktari aliturudisha nyumbani na dawa za siku sita za mwanzo, maana kulala Dar siku zote zile kungetumalizia kile kilichobaki. Ningeanza sindano siku ya pili ya hedhi, nichomwe na jirani yetu muuguzi mstaafu, na siku ya saba nirudi nipimwe mayai yamefikia wapi. Muuguzi wa hospitali alitukabidhi vichupa ndani ya kiboksi cha kubebea dawa chenye vifuko viwili vya buluu vilivyogandishwa. "Ikae kwenye ubaridi njia nzima," alisema. "Mkifika, kwenye friji. Mengine yameelezwa humo kwenye karatasi."

Nje, kivulini, mume wangu akafungua kiboksi, akavibonyeza vile vifuko kwa kidole gumba, akacheka. "Mwalimu, hii si barafu. Hivi ni vya kupoozea soda."

Mtu asiyejua biashara ya samaki ataona barafu ni barafu. Watu wa kwetu wanajua kuna barafu tupu na kuna barafu ya chumvi. Barafu tupu, kwa joto la barabara ile, haifiki Rufiji kabla haijawa maji. Ukiisaga ukaichanganya na chumvi ya mawe, baridi yake inakuwa kali mara mbili, inakuuma vidole, na samaki anafika sokoni mgumu kama ubao. Vipimo vyake havijaandikwa popote, viko mkononi. Mume wangu alijifunza kwa baba yake, na Kivinje nzima hakuna aliyekuwa akimshinda. Wenzake walikuwa wakimwita awachanganyie.

Basi tukapita soko la samaki kwa wateja wake. Akapewa boksi nene la kusafirishia kamba. Akasaga barafu mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Akatia chumvi kwa kiganja, akaonja baridi kwa mgongo wa mkono, akaongeza. Vichupa akavifunga kwenye nailoni mara tatu maji yasivifikie, akavilaza katikati, akavifukia. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikajua anasoma dua. Kwenye basi alikataa boksi kuwekwa kwenye buti. Alilipakata saa sita, mapaja yamekufa ganzi, suruali imelowa, na kila tuliposimama alikuwa ananiuliza, "Unahisi ubaridi huo? Weka mkono."

Nikaweka mkono. Nikahisi.

Tulipofika nyumbani mimi ndiye niliyevitoa. Vilikuwa vigumu, vyeupe kwa ndani, vimeganda. Nilivishika kwenye kiganja na moyo wangu ukajaa furaha. Nikamwambia, "Vimefika vizuri." Naye akaenda kuoga akiimba. Asubuhi vilikuwa vimeyeyuka kwenye friji, dawa safi kama maji. Ile karatasi ilikuwa imekunjwa ndani ya kifungashio, kwa Kiingereza, herufi ndogo ndogo. Nikasema nitaisoma baadaye, nikaikunja tena. Mimi, ninayewapigia kelele watoto kila mtihani kwamba wasome swali mpaka mwisho.

Siku sita zile zilikuwa nzuri. Ni aibu kusema, lakini katika maisha yangu ya ndoa sina siku sita nyingine za kulinganisha nazo. Kila alasiri jirani alikuja, ananichoma chini ya kitovu, anasema "bismillah" na "pole" kwa pumzi moja. Nilikuwa nahisi tumbo zito. Nilihisi linavuta upande wa kushoto, na nikamwambia mume wangu, naye akawaambia watu wawili ambao hawakupaswa kuambiwa. Akanikataza kuchota maji. Akaanza kuchemsha chai mwenyewe, chai mbaya, nikainywa. Siku ya tano alikuja na habari ya fundi wa vitanda vya watoto. Nikamgombeza, nikamwambia anatafuta nuksi. Moyoni nilikuwa nimeshachagua pa kukiweka.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Tulifika hospitali karibu na adhana, akaniaga anakwenda kuswali, akanishika bega. Nikaingia peke yangu.

Daktari wetu alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole. Alipitisha kile kifaa cha ultrasaundi upande mmoja, akarudi, akaenda upande mwingine. Nikamuuliza mangapi. Akasema nivae kwanza.

"Hakuna yai lililokua," alisema nilipokaa. "Hata dalili. Sindano ulichoma zote?"

"Zote."

"Dawa uliihifadhi wapi?"

Nikamweleza. Na nilimweleza kwa majivuno, Mungu anajua. Nilimweleza habari ya barafu iliyosagwa na chumvi na saa sita za kupakata, nikitaka ajue kwamba sisi si watu wa kuzembea. Akaacha kuandika katikati.

"Mama, iliganda?"

"Iliganda vizuri tu."

Akafungua droo, akatoa kifungashio kama chetu, akanionyesha alama pembeni. Kulikuwa na kitu mfano wa nyota yenye matawi, na mstari umepita juu yake. Nilishaiona alama ile. Nilidhani ni nembo ya kiwanda. Chini yake palikuwa na maneno matatu ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wangu wa darasa la nne angeyasoma. Usiigandishe. Dawa ikishaganda, alisema, imekufa, hata ikiyeyuka. Nilikuwa nimejichoma maji siku sita. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema hana. Wapo wanawake ambao mayai yao hayaitikii hata dawa ikiwa nzima, na kwa umri wangu lingewezekana vilevile. Njia ya kujua ilikuwa moja tu, kuanza upya mzunguko mwingine kwa dawa mpya. Akataja bei ya dawa mpya, kwa upole. Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Nikaona jinsi atakavyokuja, kanzu imekunjamana kwa safari, uso wa mtu aliyetoka kuomba. Nikaona mikono yake. Friza ilikuwa imekwenda, ufuta wa mama umekwenda, na kama ningemwambia, na mikono ile nayo ingekwenda. Alipofika nikasema, "Mayai yangu hayakukua."

Alikaa. Akanishika mkono akasema, "Si kosa lako. Mwili ni wa Mungu." Kisha akatikisa kichwa. "Na dawa tulivyoitunza vile!"

Nikatazama pembeni.

Nilidhani uongo ule ulikuwa zawadi yangu kwake, na kwamba nitaubeba mimi peke yangu. Sivyo ulivyokuwa. Mama alipopata habari alikuja Kivinje na kuku wawili, akaketi jikoni, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye naye alizaa mara moja tu, kwa shida, labda tumbo hili nimelirithi kwake, nimsamehe. Mama yangu, aliyeinama shambani msimu mzima, ananiomba msamaha. Nilimwambia asiseme upuuzi, nikamfokea hasa. Ukweli ulikuwa kwenye ulimi wangu na sikuutoa, kwa sababu mama angemwambia dada yake, na dada yake angeuambia mji.

Ufuta wa mwaka uliofuata mvua iliunyeshea ukiwa umekatwa. Friza moja haikutosha kazi ya mbili. Bima iliendelea kukatwa. Hatukusema kwamba hatutajaribu tena. Tuliacha tu kulitaja.

Mume wangu alikuwa mwema kwangu miaka ile mitatu, mwema kiasi cha kunichosha. Watu wa kwao walimshauri aoe mke wa pili. Akawaambia barazani, na mimi nikisikia kutoka ndani, "Kosa si la mtu. Mimi sehemu yangu niliifanya, niliipakata ile dawa toka Dar haikuingia joto hata chembe. Mwili wake ndio ulikataa. Nimwache kwa hilo?" Watu wakamsifu. Alikuwa ananitetea, na nilikuwa natamani kutoka nje nimpige kofi mbele ya baba zake wadogo. Nikageuza wali ulioiva tayari. Kila aliposimulia, na alisimulia mara nyingi, alikuwa ananiangalia mwishoni kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyokuwa inaniunguza. Alikuwa ameshanisamehe. Nilikuwa nakula na kulala katika msamaha wake.

Mwaka huu, wakati wa mvua kubwa, barabara ya kwenda Lindi ilikatika mbele ya Nangurukuru na magari yakasimama. Binti wa shangazi wa mume wangu, anayeishi na mumewe Kilangala, alikuwa kwenye mojawapo ya mabasi yale peke yake, anatoka Dar. Wakampandisha bodaboda mpaka kwetu. Alishuka amelowa, na mkononi ana kiboksi ninachokijua.

"Wifi," aliniambia hata kabla ya kubadili nguo, "friji yenu inafanya kazi? Nina dawa humu."

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Vile vifuko vya buluu vilikuwa vimeshalegea. Akaanza kulia, akisema wameuza shamba la mikorosho la mumewe kwa dawa hizi, na bima ilisema haihusiki. Ana miaka thelathini na moja.

Mume wangu alisikia akaingia kutoka uani. Miaka mitatu sikuwa nimemwona na uso ule. "Nyamaza dada yangu, umefika kwa wenyewe. Dawa hizi mimi nazijua. Leta hapa." Akafungua friza, ambayo kwa mazoea yake ilikuwa imesheheni barafu, akatoa bonge, akaanza kulisaga kwa nyundo ndani ya gunia. Akamsimulia yule binti, huku anasaga, alivyopakata ya kwetu. Kisha akavuta mfuko wa chumvi, akaingiza kiganja.

Kwa kitambo, na ninaandika hapa kwa sababu nisipoandika nitakuwa nadanganya tena, niliwaza kunyamaza. Niliutazama uso wake ule, na nikawaza kunyamaza.

"Usitie chumvi," nikasema.

"Mwalimu, hii ndiyo kazi yangu."

"Usitie. Itaganda. Ikiganda inakufa."

Akanitazama, kiganja kimejaa. "Nani kakwambia?"

"Daktari."

"Daktari gani?"

"Wetu."

Chumvi aliirudisha mfukoni yote, akakung'uta kiganja, akaenda kukaa kwenye ngazi ya uani. Nilichukua barafu tupu, nikaipanga ndani ya ndoo, nikaikunjia khanga mbili juu yake, nikaweka vichupa juu ya khanga visiguse barafu, kama karatasi ile ilivyoelekeza. Nilikuwa nimeshaisoma mara nyingi kwa kuchelewa. Yule binti alinifuata kwa macho kila nilipogeuka. Alielewa, nadhani. Baadaye kilichompata ni habari yake, si yangu kuisema.

Nilipotoka kwenda uani mume wangu alikuwa bado pale.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa ile ile. Ulikuwa msikitini."

Akawa anahesabu, niliona. Alikuwa anahesabu barazani, kwa baba zake wadogo, kwa wavuvi, kwa mama yangu, kila mahali aliposimulia. "Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nakusamehe mimi."

Nikaegemea mwimo wa mlango.

"Na mayai yako yalikuwa mazima?"

"Sijui. Daktari naye hakujua. Pengine yasingekua hata kwa dawa nzima. Ilibidi tujaribu tena ndipo tujue."

Aliinama akaweka uso kwenye mikono yake, na ilikuwa na chumvi, macho yakamwuma, akayafumba. Akasema bila kuniangalia, "Nisamehe, mke wangu." Si mwalimu. Mke wangu.

Jibu nilikuwa nalo tangu kwenye lile benchi la hospitali. Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nimelisema moyoni mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba nilishalitimiza. Nikafungua kinywa, na kilichopanda kilikuwa hasira, mbichi, ya kwake na ya kwangu, hasira ya vile vifuko vya buluu alivyovicheka na ya karatasi niliyoikunja. Nikafunga kinywa. Nikakaa kando yake, mabega yetu yakagusana, akasubiri.

Ni miezi minne sasa. Tunakunywa chai pamoja kila asubuhi, ananisalimu vizuri, namjibu vizuri. Bado anasubiri, na mimi bado sijalisema.